Bunduki ya Mwanagenzi

Mlio wa tatu ulipotulia, Naibu Sherifu Verna Tollefson aliishusha bunduki, akatema maganda ya alizeti pembeni, akaenda kuutazama ubao. Nyuma yake Sherifu Boyd Kessler alikuwa ameegemea gari la ofisi, mikono kifuani, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, amenuna kana kwamba ubao ule ulikuwa ndugu yake.

"Umeridhika?" aliuliza. "Ubao umekufa. Sasa twende ukatie sahihi ile hati ya mashitaka. Saa nane Nettie anasimama mbele ya jaji."

"Njoo uone kwanza."

"Nimeziona bunduki za marisau tangu sijaota meno, Verna."

"Basi njoo uone tena, hazitakuuma."

Kessler alikuja, ila alikuja kwa mwendo wa mtu anayetaka ijulikane kwamba anafanya hisani. Verna alikuwa amesimamisha mbao tatu nyuma ya stoo ya ofisi. Umbali ni ule ule aliodai Sherifu mwenyewe: kutoka ukingo wa shamba la Nettie Brekke, kuvuka mfereji, hadi kwenye kibanda cha pampu ambako Dale Ostrander, mgawa maji, alikutwa amekufa Jumanne alfajiri. Bunduki ni ya Nettie, ile waliyoitoa nyuma ya mlango wa jikoni kwake. Mbao zote tatu zilionyesha kitu kimoja. Marisau, vile vipunje vya risasi vinavyotoka kwa mkupuo, yalikuwa yamesongamana katikati na kupungua kuelekea pembeni.

"Sasa tazama huu," Verna alisema, akafunua turubai. Chini yake ulikuwa mlango wa kibanda chenyewe, alioung'oa bawaba na kuubeba bila ruhusa ya mtu.

Kwenye mlango marisau yalikuwa yamejipanga duara, kama watu waliozunguka ngoma, na katikati hapakuwa na tundu hata moja.

"Dale alikuwa amesimama hapo," Kessler alisema. "Ya katikati yalimwingia yeye. Hilo nalo linahitaji mpelelezi?"

"Dale alipatwa na mawili tu. Moja begani, moja shingoni, na la shingoni ndilo lililomkata mshipa. Daktari amemgeuza kila upande. Kifua hakina tundu, tumbo halina. Alisimama katikati ya duara, Boyd. Angekuwa mfupi kidogo tu, leo angekuwa anatutukana sote."

Kessler alikuna shavu. Verna hakumpa nafasi.

"Mtutu wa bunduki ya marisau ni laini ndani kama bomba la maji. Marisau yanatoka yamenyooka. Mtutu wa bastola una mifuo ya kupinda, ili risasi ijizungushe. Ukipitisha marisau humo nayo yanazungushwa, na yakitoka yanaruka nje pande zote kama maji ya mbwa anayejikung'uta. Katikati panabaki patupu. Aliyempiga Dale alikuwa na rivolva. Moja ya zile nene zinazokula risasi na marisau pia. Na alikuwa karibu, hatua chache tu, si ng'ambo ya mfereji."

"Nani kaunti hii ana takataka kama hiyo?"

"Hapo ndipo penye kazi."

"Jirani yake, Laidlaw, alisikia mlio upande wa Nettie. Akaona moshi."

"Moshi gani? Nimepiga mara tatu mbele ya pua yako, umeona moshi? Baruti ya siku hizi haifuki. Moshi ni wa kwenye sinema."

Sherifu aliipandisha kofia. Usoni alikuwa mwekundu, na si kwa jua. "Nimeshatangaza redioni, Verna. Jina lake lote. Kaunti nzima imesikia."

"Utatangaza tena."

"Saa nane. Usipotia sahihi, nitatia mimi."

"Tia! Na mimi nitakwenda kukaa upande wa mshitakiwa, nimeukumbatia huu mlango, jaji aniulize ninafanya nini pale."

Kessler aliingia garini akaubamiza mlango. Verna aliufunika mlango wa kibanda kwa turubai, akaenda mahabusu.

Nettie Brekke alikuwa na miaka sabini na mmoja, mjane, mkia mmoja wa nywele nyeupe mgongoni, na chai ya asubuhi hakuigusa. Sahani ya mayai ilikuwa imesukumwa hadi chini ya nondo.

"Hayo si mayai," alisema kabla hajaulizwa. "Sijui ni nini, lakini kuku hahusiki."

"Nettie, wakili amekuja?"

"Yule mtoto? Amekuja. Ati nikikubali kwamba nilipiga bila kukusudia, nitafungwa miaka sita tu. Tu! Hiyo sita nitaitoa wapi mimi? Nikamwambia aende kwao akanywe maziwa alale." Aliunyoosha mgongo. "Sikumpiga Dale, na sitasema nilimpiga ili watu wapate kula chakula cha mchana kwa wakati."

"Ulimtishia mkahawani. Watu walisikia."

"Nilimtishia, na angekuwa hai ningemtishia tena leo! Alinifungia maji nyasi zangu zikakauka. Nilisema nitamtia marisau ya makalio. Makalio, Verna. Mimi nikilenga makalio ya mtu, simpati shingoni."

Verna alijikuta anacheka, na hakutaka kucheka. Alivuta kiti akakaa mbele ya nondo, akamweleza habari ya lile duara. Nettie alisikiliza mpaka mwisho, kisha naye akaangua kicheko.

"Rivolva ya kula marisau! Nimemzika mume, nimemuua dubu ndani ya ghala, sijaona mtu wa hapa amenunua kitu hicho."

"Ndivyo ninavyosema. Risasi yake haifiki mbali, marisau yake yanakwenda yanakotaka. Aliyekulia na bunduki haichukui hata akipewa bure. Anayeichukua ni yule anayetaka kitu kimoja kimfanyie kila kitu."

"Yule anayeogopa kila kitu," Nettie alisema. "Ila Lyle Hoekstra, wa shamba la juu, hubeba kirivolva cha kuulia nyoka. Kina marisau."

"Najua. Ndiko ninakokwenda."

"Usimsumbue, anakata nyasi." Halafu akakohoa, akatazama ukutani. Sauti yake iliposhuka ndipo Verna alipojua anaogopa. "Mwanangu, wamenichukulia mkanda wa suruali. Wanadhani nitajinyonga. Mimi!"

Lyle alisimamisha trekta katikati ya shamba, mavumbi yamempaka mpaka kope. Alipoelezwa Verna anataka nini, alibaki amekodoa macho.

"Unanishuku mimi?"

"Namshuku kila mwenye marisau ndani ya mtutu wenye mifuo."

"Nilicheza mpira na Dale! Nilisimamia harusi yake!"

"Toa rivolva, Lyle. Ukishamaliza kukasirika nitakupa keki."

Akaitoa kiunoni, huku anatukana polepole. Ilikuwa rivolva ndogo, kuukuu, mpini umelainika kwa mkono. Verna alichukua risasi moja, akaichana kwa kisu, akaimwaga kwenye kiganja. Kilichotoka kilikuwa laini kama mchanga. Akatoa kichupa mfukoni, ndani yake mna lile risau lililotolewa kwenye shingo ya Dale. Lilikuwa nene kama punje ya mtama.

"Yangu yanamuua nyoka akiwa hatua mbili," Lyle alisema. "Akiwa tatu anakucheka."

"Basi si wewe. Samahani."

"Keki iko wapi?"

"Nitaipika. Jumanne ulimwona Dale?"

"Kama kila siku. Jua bado, koleo begani, akaingia shambani akanifungulia lango la maji, akanipungia mkono, akaenda zake."

"Hakubisha hodi?"

Lyle alimtazama kama vile amemuuliza kama ng'ombe hubisha hodi. "Mgawa maji abishe hodi? Miaka yote ile Dale hajabisha hodi kwa mtu. Anaingia shamba lolote saa anayotaka. Baba yangu alimfukuza mgawa maji mara moja, kaunti nzima haikusema naye msimu mzima."

"Kutoka kwako anakwenda kwa nani?"

"Kwa Laidlaw, kisha kwa Nettie. Mfereji unashuka hivyo."

Verna alisimama akiwa ameishika rivolva ya mtu, amesahau kuirudisha. Kila mtu ofisini alikuwa amesema Dale alikwenda kibandani kumfungia maji Nettie. Kumbe alikuwa hajafika kwa Nettie. Alikuwa amekwenda kumfungulia maji Preston Laidlaw, ndani ya uwanja wa Laidlaw, kabla ya jua, na mpini mrefu begani.

"Nipe rivolva yangu," Lyle alisema. "Na keki iwe ya tufaha."

Nyumba ya Laidlaw ilikuwa na vioo vingi kuliko kuta. Alikuwa amehamia kutoka mjini mwaka juzi, na tangu siku ile hakuonekana bila kofia pana, hata kanisani. Alimpokea Verna kwa bashasha zote.

"Karibu, Naibu! Nasikia leo ndiyo mwisho. Masikini yule bibi."

"Karibu mwisho. Ulisema ulisikia mlio mzito."

"Mzito sana. Bunduki ya marisau, sauti yake haijifichi. Mimi mwenyewe ni mtu wa bunduki."

"Ah, sikujua," Verna alisema, uso mkavu. "Unazo hapa?"

Hapo mwanamume akafunguka. Akamshika bega Verna, akampitisha ukumbini hadi chumba cha nyuma. Weee! Ukuta mzima wa bunduki, na taa zimewashwa juu yake kama duka la vito. Verna alivua kofia.

"Hii ndiyo yangu ya kila siku," Laidlaw alisema, akamkabidhi bunduki iliyofungwa tochi, taa nyekundu, mpini wa pili, miguu miwili na kioo cha kulengea. Verna ilibidi aikumbatie kwa mikono miwili. Alipoinua aweke jicho, akakuta kioo cha kulengea kimefungwa kinyume, mbele nyuma.

"Unailenga hivi hivi?"

"Hivi hivi. Ila kioo hicho kibovu, nitawarudishia wenyewe. Na hii ni kwa ajili ya dubu." Bastola kubwa kama bomba la sinki.

"Umewahi kuipiga?"

"Mara moja." Mkono wake ulipanda wenyewe ukagusa kovu kwenye paji la uso. Bastola ilikuwa imempiga teke, na alama ilikuwa bado ya waridi.

Mkewe Camille aliingia na kahawa. Alikuwa mwanamke mrefu, mchangamfu, na alipoiona bastola ndogo nyepesi mezani akaisonya waziwazi.

"Hiyo ni yangu, ati. Niliipiga mara moja, kiganja kikavimba wiki nzima. Wakasema ni ndogo, inawafaa wanawake. Ningempata aliyesema hivyo!"

"Kadiri ilivyo nyepesi ndivyo inavyopiga teke, mama," Verna alimwambia. "Ungepewa nzito."

"Umesikia, Preston? Ungepewa nzito!"

Laidlaw alicheka kicheko kifupi, akamvuta Verna kwenye bunduki ya mwisho. Ilikuwa ya marisau, mitutu miwili mifupi, haina kitako cha kuegemeza begani, ina mpini tu.

"Ya kulinda nyumba."

"Unailengaje bila kitako?"

"Huhitaji kulenga. Marisau yanajaza chumba."

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua."

Macho ya Verna yalikuwa yameshahamia kwenye rafu ya risasi, zilizopangwa boksi juu ya boksi, jina la kila boksi limeelekea mbele. Kila bunduki ukutani ilikuwa na boksi zake. Pembeni kabisa palibaki boksi mbili, moja imefunguliwa. Alichukua risasi moja humo. Ilikuwa ya marisau, lakini nyembamba kama kidole cha mwisho.

"Na hizi zinaliwa na ipi?"

"Hiyo uliyoshika."

Verna aliikunja katikati kuifungua ile bunduki ya mitutu miwili, akaiweka risasi mahali pake, akainua kidogo. Risasi iliteleza ndani ya mtutu kama jiwe bombani, ikatokea mdomoni, ikaanguka sakafuni ikabingirika hadi kwenye kiatu cha Laidlaw.

"Labda dukani walikosea," Laidlaw alisema.

"Mara mbili? Na boksi moja umeshaanza kuitumia."

"Si za ile rivolva yako nene?" Camille aliuliza, birika mkononi, hana habari. "Ile uliyosema inafanya kila kitu?"

"Niliiuza."

"Uliniambia iko kwa fundi."

"Camille."

"Usiniambie Camille! Jumanne nilikuuliza, ukasema umeipeleka kwa fundi. Umeiuza lini?"

Verna aliiweka bunduki chini, akamsomea Laidlaw haki zake moja moja, kwa sauti ya mtu anayesifia kahawa: kwamba anaweza kunyamaza, kwamba atakachosema kitatumika, kwamba wakili ni haki yake. Camille alibaki anawatazama kwa zamu. Kisha Verna akauliza, "Mtu wa hapa akimwona mwenye koleo begani alfajiri, anajua maji yamefika. Wewe uliona nini?"

Angeweza kunyamaza. Lakini kwa jinsi alivyoinuka, kifua mbele, ilionekana amekaa na jambo hili tangu Jumanne na limemchosha.

"Niliona mtu na bunduki begani ndani ya uwanja wangu!"

"Uliita?"

"Niite nini? Ni ardhi yangu! Mmeandika kwenye mageti yenu yote, ukiingia utapigwa risasi. Nimeyasoma njia nzima siku ninahamia. Mnayabandika kwenye magari, mnayavaa kwenye fulana. Basi mimi nikafanya. Mimi peke yangu nikafanya mnayoyasema, na sasa unanitazama kama mwehu?"

Verna alikasirika, akafunga mikono nyuma. "Yale tunayaandika. Halafu mtu akija tunauliza wewe nani, tunampa kahawa. Hukuwahi kumwona mtu akipewa kahawa?"

"Mlinipa mimi?"

Hilo lilimpata Verna, maana ni kweli hakuna aliyempelekea mtu huyu kahawa tangu ahamie. Lakini alikumbuka sahani ya mayai chini ya nondo.

"Ungeita daktari. Ungesema umekosea, na sisi tungejua ni hofu. Badala yake ukamzulia moshi ajuza wa watu. Ungemwacha akafie gerezani."

"Thibitisha." Laidlaw alivuta kofia yake ikakaa sawa. "Rivolva iko mferejini, maji yanampita mtu kichwa. Tafuteni mpaka mzeeke. Na hayo unayodai nimesema, nitasema sikusema."

Camille alikaa chini pale pale sakafuni, birika pembeni, akafunika mdomo kwa viganja vyote viwili. "Dale alituletea samaki," alisema. "Preston, alituletea samaki siku ile ya kwanza."

Kessler alifika mferejini na vumbi lake lote, Nettie kwenye kiti cha nyuma, pingu mkononi. Njiani alikuwa ameshamwambia Verna kwa simu ya upepo kila alichofikiri juu yake, na alikuwa na mengine.

"Jaji amekaa ananisubiri! Neno la mke si kitu bila bunduki, na bunduki unasema iko humo?" Aliunyoshea kidole mfereji uliojaa hadi ukingoni, maji ya kahawia yanakwenda mbio mbele ya kibanda cha pampu.

"Ndiyo maana nikakuambia umlete Nettie. Marehemu mumewe aligawa maji kabla ya Dale. Lango kuu lile, ukilifunga kwa pupa mfereji unapasuka, unazamisha mashamba matatu. Dale hayupo. Aliyebaki anayelijua ni yeye."

Wote wakamgeukia Nettie. Alikuwa ameshateremka, amesimama na mikono yake miwili mbele, suruali ameishika isimdondoke.

"Sizungushi gurudumu na hivi vyuma," alisema.

"Nettie, ni dakika chache tu," Kessler alisema.

"Hata moja. Ukiniogopa, lizungushe mwenyewe. Nitakaa hapa nikuangalie unavyomzamisha Lyle."

Kessler alimtazama Verna. Verna alitazama mlima. Sherifu akatoa ufunguo, akafungua pingu, na Verna akavua mkanda wake mwenyewe akampa Nettie bila kusema kitu. Nettie aliufunga vizuri, akapanda kwenye lango. Alilizungusha gurudumu kidogo akasubiri, kichwa ameinamisha, anasikiliza maji. Akazungusha tena, akasubiri. Ndani ya gari la Verna, nyuma ya kioo, Laidlaw alikuwa ameacha kuitazama barabara na sasa alitazama mfereji.

Maji yakaanza kushuka. Kwanza ukingo ukatoka, mweusi, unang'aa. Ikatokea tairi la trekta, kisha kiatu cha mtoto, kisha samaki wawili wanajipigapiga kwenye matope. Halafu, chini kidogo ya kibanda, ikatokea rivolva. Nene, fupi, imelala ubavu, mtu asingesema ni jiwe hata angetaka.

"Mtu asiiguse," Kessler alisema haraka. "Nitaichukua mimi."

"Ichukue," Verna alimwambia. "Wewe ndiye uliyetangaza."

Sherifu alishuka. Alizama mpaka magoti, akatukana, akapiga hatua nyingine, akazama zaidi. Aliiinua ile rivolva kwa kijiti kupitia tundu la kifyatulio, Verna akampigia picha kutoka juu, kisha Kessler akaifungua silinda kwa mkono wenye glavu. Nafasi tano. Moja ganda tupu la marisau, jembamba kama kidole. Zilizobaki risasi, marisau, risasi, marisau, zimepishana kwa uangalifu.

"Kachanganya," Kessler alisema polepole. "Mungu wangu. Kazichanganya kama mtu anayepanga sahani." Maji machache yaliyobaki yalimpita miguuni. Kisha akainua uso. "Haya, Nettie. Nenda nyumbani."

"Siendi."

"Nini tena?"

"Ulilitaja jina langu lote redioni. Sema hapa."

"Nettie, nimekwama matopeni."

"Naona."

Kessler aligeuka kumtafuta Verna. Verna hakumsaidia. Basi Boyd Kessler, sherifu wa vipindi vitatu, akavua kofia akiwa pale pale, akasema, "Nettie Brekke hakumuua Dale Ostrander."

"Kioo cha gari kimefungwa. Yule hasikii."

"Nettie Brekke hakumuua Dale Ostrander!" alipiga kelele mpaka kunguru wakaruka kwenye paa la kibanda.

"Na redioni?"

"Na redioni. Jioni hii."

Hapo ndipo Nettie alipolia. Hakujificha, wala hakupangusa. Alilia amesimama wima juu ya lango, ameshika gurudumu kwa mikono miwili, anautazama mlango usiokuwepo wa kibanda cha pampu.

"Alikuwa mwizi wa maji," alisema. "Lakini alikuwa mwizi wetu. Vyovyote alivyokuwa, mwizi wetu."

Verna alitaka kupanda amshike. Kabla hajapanda, Nettie alivuta kamasi, akatazama upande wa mashamba ya chini, ambako majani yalikuwa yameshaanza kulegea kwa jua, kisha akamtazama Sherifu, rivolva kwenye kijiti, matope mpaka mapajani.

"Toka mferejini, Boyd," alisema. "Watu wanangoja maji."

Na akaanza kulizungusha gurudumu.